Maji yaliyotoka na maji yaliyobaki

Kifungu chenyewe hakikuzidi mistari kumi. Kilikuwa kwenye mtihani wa Kiingereza, ule wa kutafuta nafasi ya masomo ya chuo, na tulikuwa watu arobaini na kitu tumebanana kwenye darasa la watu ishirini. Vifungu vya mtihani ule vyote ni vya namna hiyo: unapewa habari fupi ya utafiti fulani, halafu unaulizwa ni hitimisho gani linaungwa mkono na ushahidi uliosoma. Hukuulizwa unajua nini. Umeulizwa karatasi inasema nini. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka, na mimi nilianguka vizuri tu.

Nakisimulia kwa maneno yangu. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyoizaa Bangladesh, karibu watu milioni 10 walikimbia kutoka Pakistan ya Mashariki, kama ilivyokuwa ikiitwa, wakaingia India. Karibu na mji wa mpakani wa Bangaon kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikawa zinaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akachanganya chumvi, glukosi na soda bikaboneti kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wagonjwa wao wenyewe. Katika wiki nane hivi walitibiwa wagonjwa zaidi ya 3,700, na waliokufa walikuwa asilimia 3.6. Kabla ya hapo vifo vilikuwa vinakaribia asilimia 30.

Majibu ya kuchagua yalikuwa manne. A: maji ya kunywa yenye chumvi na sukari ni tiba bora kuliko dripu. B: pale dripu zinapokosekana, hata watu wasio wauguzi wanaweza kutoa tiba hii ya kunywa na wagonjwa wengi wakapona. C: chumvi na sukari huua vijidudu vya kipindupindu. D: vifo vyote vya mwanzo visingetokea kama maji haya yangekuwepo tangu siku ya kwanza.

Nikachagua A. Sikufikiri hata nusu dakika. Mimi nimepita Kagunga mwezi wa tano 2015, nimekiona kipindupindu kwa macho yangu, nani atanifundisha habari za ORS?

Wiki ile ile tulikaa na mwalimu wetu wa kujitolea, mkimbizi mwenzetu, Mkongo aliyefundisha biolojia kule Uvira kabla mambo hayajaharibika. Nikamtajia swali na jibu langu. Hakunicheka. Aliniuliza tu:

"Hapo kwenye kifungu, waliotundikiwa dripu za kutosha walikufa wangapi?"

"Hawajasema, mwalimu."

"Na wale wa asilimia 30, walikuwa wamepewa nini?"

"Dripu zilikuwa hazitoshi."

"Basi karatasi imelinganisha aliyekunywa na aliyekosa. Wewe umejibu kana kwamba imelinganisha aliyekunywa na aliyetundikiwa. Umetoa wapi huyo mtu wa pili?"

Nikabisha. Nikamwambia lakini ORS inafanya kazi, kila mtu anajua, hata zahanati ya hapa wanaigawa. Akasema ndiyo, inafanya kazi, na jibu lako bado si sahihi. Yaani kitu kinaweza kuwa cha kweli na wewe ukakosea kukitoa kwenye ushahidi ambao hauna kitu hicho. Na A yenyewe wala si kweli. Mtu aliyekwisha kukauka kabisa, asiyeweza kumeza, anahitaji dripu kwanza. Bangaon nako wale waliokuwa hoi walitundikiwa pale dripu zilipokuwepo, ndipo wakaendelea na kunywa.

Nafasi ile ya masomo sikuipata mwaka ule. Siwezi kusema ni swali lile lililoniangusha, kwa sababu hatukurudishiwa karatasi. (Mwalimu aliposikia nimesema hivyo akasema, "Umeanza kuelewa.")

Lakini kile kifungu hakikunitoka. Nikaanza kuitafuta habari ya Bangaon kwenye simu, usiku, mtandao ukikubali. Nilitaka kujua zaidi ya mistari kumi. Nitawaeleza nilichokikuta, maana ni habari ya kambi, na sioni kwa nini sisi tuwe wa mwisho kuijua.

Mahalanabis alikuwa daktari wa watoto kutoka Calcutta, na alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini humo. Alipofika Bangaon, mwishoni mwa mwezi wa sita, hospitali ilikuwa na vyumba viwili tu vya wagonjwa wa kipindupindu. Wamejaa mpaka sakafuni. Ili umtundikie mtu dripu ilibidi upige magoti kwenye kinyesi na matapishi. Wiki mbili, akaona akiba ya dripu inakwisha na watu bado wanaletwa. Huko Calcutta wenzake wakageuza chumba cha maktaba kuwa mahali pa kupimia na kufungasha: kwa kila lita moja ya maji, gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi, gramu 2.5 za soda bikaboneti. Mifuko ya plastiki wakaifunga kwa pasi ya moto. Kule kambini wakachanganya kwenye mapipa, na juu ya mapipa wakaandika kwamba haya ni maji ya saline ya kunywa, ili watu wayaheshimu kama wanavyoiheshimu dripu. Mama, mume, dada, yeyote aliyekuja na mgonjwa, anachota na kikombe na kunywesha.

Wauguzi wenyewe mwanzoni walikuwa na wasiwasi. Walihisi wanawapa watu tiba ya daraja la pili. Nadhani msomaji yeyote wa kambini anaijua hisia hiyo: kupewa cha kunywa wakati mgonjwa wa mjini anatundikiwa chupa.

Sasa rudi kwenye zile namba. Asilimia 30 maana yake kati ya watu 100 wanakufa 30. Asilimia 3.6 maana yake hata wanne hawafiki. Kwa wagonjwa 3,700, tofauti hiyo ni kama kusema wangekufa zaidi ya elfu moja, wakafa mia na thelathini na kitu. Ukisikia hivyo unataka kusimama na kupiga makofi. Mwalimu wetu alitukataza kupiga makofi kwanza. Alituambia tutafute kila sababu nyingine inayoweza kushusha vifo hata kama maji yale yangekuwa maji matupu. Tukazipata. Mlipuko wowote ukikaa, wale dhaifu zaidi wanakuwa wamekwisha kufa, wanaofuata wana nguvu kidogo. Watu wakishajua kuna tiba wanawahi, wanakuja na ugonjwa mwepesi. Madaktari wameongezeka. Hakuna aliyegawa wagonjwa makundi mawili, hawa wanywe na hawa wasinywe, na nani angefanya hivyo pale? Kwa hiyo Bangaon peke yake ina watu wengi sana lakini haina kundi la kulinganisha.

Hapo nikawa nimevunjika moyo kabisa, nikaona basi hakuna kilichothibitishwa. Kumbe Bangaon haikuwa peke yake.

Miaka mitatu kabla, 1968, mjini Dhaka, yaani kule kule walikotoka wakimbizi wale, madaktari wawili vijana wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, walifanya jaribio dogo kwenye maabara ya utafiti wa kipindupindu. Wagonjwa hawakufika 30. Lakini waligawanywa: wengine waliendelea na dripu peke yake, wengine walipewa maji ya kunywa baada ya kuokolewa kwa dripu za mwanzo. Waliokunywa walihitaji dripu kidogo sana kuliko wenzao. Huku watu ni wachache, lakini kulinganisha kupo. Na nyuma zaidi, mwaka 1960, mtaalamu wa kemia ya mwili, Robert Crane, alieleza jinsi sukari inavyopita ukuta wa utumbo: haipiti peke yake, inaingia imeshikana na chumvi. Chumvi na sukari zikiingia, maji yanafuata. Sumu ya kipindupindu inaufanya utumbo umwage maji, ila mlango ule wa sukari na chumvi haiufungi.

Bibi zetu wanapika kwa mafiga matatu. Ukiweka chungu kwenye figa moja kinaanguka. Maelezo ya Crane peke yake ni maelezo tu, mambo mangapi yanaelezeka vizuri na hayafanyi kazi. Dhaka peke yake ni watu wachache kwenye vitanda vizuri na wauguzi wa kutosha. Bangaon peke yake haina kulinganisha. Weka yote matatu, chungu kinakaa. Hii ndiyo sehemu ambayo kifungu cha mistari kumi hakiwezi kukupa, na ndiyo maana jibu sahihi la kifungu lilikuwa dogo kuliko ukweli wote. B ilisema kile tu ambacho Bangaon ilionyesha: kwamba inawezekana, mahali kama pale, kwa mikono ya watu kama wale.

Nimekuwa nikizunguka. Kilichonifanya nishindwe kulala na kifungu kile ni Kagunga.

Wasiopajua: Kagunga ni kijiji cha wavuvi mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Nyuma mlima, mbele maji, na wakati ule barabara ya gari hapakuwa. Mwezi wa tano 2015 tuliteremka pale makumi ya maelfu. Njia ya kutoka ilikuwa meli, MV Liemba, ile ya Wajerumani ya mwaka 1913, inapakia kama watu 600 kwa safari na kuwapeleka Kigoma. Unasubiri zamu yako ufukweni. Unalala hapo, unapika hapo, na choo, tusiseme. Maji ya kunywa yalikuwa ziwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na kazi yangu ilikuwa kidumu cha lita tano: naingia mpaka kiunoni, nachota pale ninapoona hapana uchafu, narudi.

Mama mdogo alikuwa na mtoto wa kiume, mwaka na nusu hivi. Siku ya tatu akaanza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kwenye hema la waganga walimpa mama mdogo pakiti mbili za ORS na maelezo ya haraka haraka, foleni ilikuwa ndefu. Akachanganya. Akanywesha. Mtoto alikuwa anakunywa kwa pupa, akimaliza tu, vyote vinatoka. Kikombe kinaingia, kikombe kinatoka. Akampa tena, ikatoka tena, na nyingi zaidi, aliona kwa macho yake na mimi niliona. Ilipofika usiku akasema, "Haya maji ndiyo yanamwendesha. Tumpumzishe tumbo." Wanawake waliokuwa karibu wakakubali, kila mmoja akatoa mfano wake. Pakiti ya pili haikufunguliwa. Mtoto alikufa kabla ya mapambazuko, na mchana wake zamu yetu ya meli ikafika.

Nilimlaumu mama mdogo miaka mingi. Sikumwambia kwa mdomo. Nilikuwa namwitikia kwa mkato, sili kwake, nikitumwa kwake natafuta sababu. Kichwani nilikuwa na hitimisho langu: alimnyima mtoto maji, mtoto akafa.

Sasa nikikaa na ile habari ya Bangaon nikaanza kuona kitu kinachonisumbua. Mama mdogo hakuwa mjinga. Alifanya kile kile ambacho mtihani unataka: aliangalia, akahesabu, akatoa hitimisho. Na alichokiona kilikuwa kweli. ORS haizuii kuhara. Ile ya zamani haikupunguza kinyesi, na ukinywa zaidi unaweza kutoa zaidi. Madaktari wa zamani nao, wenye vyeti vyao, waliamini hivyo hivyo kwamba utumbo upumzishwe, mgonjwa afungishwe. Hakukosea kuona. Alikosea kipimo. Alikuwa anapima maji yaliyotoka, na swali lilikuwa maji yaliyobaki: macho yamezama au hayajazama, ukivuta ngozi ya tumbo inarudi upesi au inakaa imesimama, machozi yapo, mkojo upo.

Kuna na kosa la pili, na hili ndilo gumu, nililielewa nikiwa nimebeba kuni njiani wala si darasani. Yeye alilinganisha kikombe kilichoingia na kikombe kilichotoka. Lakini maji yale mengi yalikuwa yatoke tu, hata asingekunywa tone, yangetoka kwenye mwili wake mwenyewe. Kulinganisha sahihi ni mtoto yule aliyekunywa na mtoto yule yule asiyekunywa. Na huyo wa pili hayupo ufukweni. Huwezi kumwona. Ndiyo maana watu wa Dhaka walihitaji makundi mawili: kundi la pili linasimama badala ya huyo asiyeonekana.

Malalamiko ya akina mama kama yeye yalisikiwa hatimaye, hata kama hakuna aliyewaambia. Kwa vile ORS ya zamani haikupunguza kuhara, watafiti waliendelea kujaribu, na mwaka 2002 WHO na UNICEF walibadilisha mchanganyiko: chumvi kidogo zaidi, sukari kidogo zaidi, gramu 20.5 kwa pakiti ya lita moja. Ndiyo hiyo mnayopewa leo. Kwa watoto, ukilinganisha na ile ya zamani, kinyesi kilipungua kama asilimia 20, kutapika kama 30, na watoto waliolazimika kutundikiwa dripu walipungua kwa theluthi moja hivi. Angalia neno hilo, kwa watoto. Darasani kwetu mtu akisoma namba hizi akasema "ORS mpya inapunguza kuhara kwa mgonjwa wa kipindupindu", tunamrudisha. Mtu mzima mwenye kipindupindu ni habari nyingine, na WHO wenyewe walisema aangaliwe asije akapungukiwa chumvi mwilini.

Nimesema darasani kwetu. Ndiyo, siku hizi Jumamosi tunakaa chini ya turubai la kanisa, watu kumi, kumi na watano, wa mtihani na wasio wa mtihani. Kila mtu analeta kifungu kifupi cha utafiti, tunakata maneno ya hitimisho mpaka yalingane na ushahidi. Ni kama kukata shati la kaka limwenee mdogo wake. "Inathibitisha" inakuwa "inaonyesha". "Watu" inakuwa "wagonjwa wa hospitali hii". "Kwa sababu ya" inakuwa "baada ya". Hilo la mwisho ndilo lina kelele nyingi.

Tukaanza kuvitumia na visivyo vya mtihani. Jirani mmoja alipoteza mimba na akawa anaamini ni dawa ya maji ya bombani. Habari ikaenea, wanawake wakarudi mtoni. Mhamasishaji akaja akasema huo ni uvumi, akaondoka. Sasa kusema "uvumi" si ushahidi pia, ndugu zangu. Sisi tulimuuliza mama yule kwa heshima: bomba lile wanakunywa kaya ngapi? Wajawazito wangapi unaowajua humo, na wangapi wamejifungua salama wakinywa maji yale yale? Na kabla dawa haijawekwa, hakuna aliyepoteza mimba? Alihesabu mwenyewe kwa vidole. Hakutuambia amebadili mawazo. Alisema tu, "Hao sikuwahesabu."

Na upande wa pili nao tusiufiche, kwa kuwa najua wafanyakazi wa mashirika mnasoma gazeti hili. Kwenye mkutano mmoja wa zoni tulioneshwa chati ya shirika moja: baada ya kampeni ya kunawa mikono, kesi za kuhara zimepungua kwa nusu. Picha za watoto wanacheka, sabuni, makofi. Kijana mmoja wa darasa letu akanyoosha mkono, akauliza kabla ni mwezi gani na baada ni mwezi gani. Kabla ilikuwa mwezi wa pili, baada ilikuwa mwezi wa nane. Hapa Kigoma mwezi wa pili ni mvua, vyoo vinafurika, na mwezi wa nane hata tope la kukanyaga huna. Akauliza tena kama wana namba za mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia. Aliyekuwa anawasilisha, dada mmoja mpole, alinyamaza kidogo, halafu akasema swali zuri, atalipeleka. Sina ubaya na sabuni, mimi mwenyewe nanawa. Ila tukiambiwa kila siku tuache uvumi na tufuate ushahidi, basi ushahidi utuletee na mwezi wake.

Ilinichukua muda kurudi kwa mama mdogo. Kile nilichokuwa nawafanyia wengine Jumamosi nilikuwa sijakifanya kwa hitimisho langu mwenyewe: alimnyima maji, akafa. Mtoto mmoja. Hakuna wa kulinganisha. Watoto walionyweshwa usiku ule ufukweni, wapo waliokufa na hao. Kipindupindu kikitibiwa sawasawa hakiui hata mtu mmoja kwa mia, lakini pale hapakuwa na sawasawa: mtoto alikuwa na njaa ya siku nyingi, pakiti zilikuwa mbili tu, na maji ya kuchanganyia yalikuwa yale yale ya ziwa. Ninachoweza kusema kwa ushahidi ni kwamba kunyweshwa kungemwongezea nafasi ya kupona, na kumwongezea sana. Kwamba kutonyweshwa ndiko kulikomuua yeye, huyu wetu, siwezi. Nilikuwa nimechagua A tena, miaka yote ile.

Nilimkuta jioni anachagua maharage ya mgao, ungo uko mapajani. Nikakaa. Nikamsimulia habari ya Bangaon yote, mapipa, pasi ya moto, ndugu kuchota na kikombe. Nikamweleza na ile ya maji yaliyotoka na maji yaliyobaki. Nilijikaza nisije nikasema kama ninayehukumu. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hiyo angepona?" akauliza.

"Kwa watoto mia kama yeye, mama, waliopata ya kunywa ya kutosha, wengi sana wangepona. Yeye mwenyewe sijui. Hakuna anayeweza kujua."

Akatoa mawe mawili, akayatupa.

"Nilidhani unajua," akasema. "Unavyoniangaliaga nilidhani una uhakika."

Sikuwa na jibu. Akaendelea na maharage yake, halafu, kwa sauti ile ile, "Na yale maji ya kidumu. Ya ziwani. Uliyokuwa unaleta wewe."

"Nayakumbuka."

"Yalikuwa safi?"

"Hayakuwa safi. Tuliyanywa wote, mimi sikuugua, wewe hukuugua. Sijui kama ndiyo yaliyompa."

"Na mimi nimekuwa nikijiuliza," akasema. "Sikutaka kukuuliza, ulikuwa mtoto."

Akasogeza ungo katikati yetu, nusu kwenye goti lake na nusu kwenye langu. "Chagua upande huo," akasema, "giza linaingia."